Mkono wa Kumlisha Baba

Section 58, Nakuru
3 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Natumai baridi ya Olenguruone haijakuumiza. Sisi tu wazima. Mwanao Jeff yuko safarini na lori kama kawaida.

Nilimwona daktari wako. Amesema huu ugonjwa wa neva umefika kwenye misuli ya koo, ndiyo maana uji unakupalia. Anataka kukuwekea mpira wa chakula tumboni tarehe nne Machi. Pumzi ikipungua zaidi, hutahimili upasuaji. Njoo ukae kwetu, mimi nitakulisha.

Mke wa mwanao,
Linah

Olenguruone
11 Februari

Linah,

Habari zenu? Ng'ombe ni wazima na viazi vimekubali. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umestaafu.

Asante kwa kunihangaikia. Lakini mkazamwana amfunue baba mkwe tumbo? Hata mkono hatupeani, sembuse hilo. Acha uji unipalie.

Baba mkwe wako,
Kiprugut

Nakuru
24 Februari

Baba,

Pokea salamu nyingi. Barua yako iliniudhi, sitaficha. Nililia, kisha nikaogopa kwamba utakufa kwa sababu mwenye kukulisha ni mimi.

Basi nilimwendea Mzee Nicodemus, mliyetahiriwa naye. Nesi amemfundisha kusukuma uji kwa sirinji. Wa kwanza aliumwaga kwenye viatu vya nesi. Yuko tayari kuhamia kwako. Alisema, "Mwambie Kiprugut hilo tumbo nalijua tangu tukioga uchi mtoni."

Tafadhali kubali.

Linah wako

Olenguruone
19 Mei

Linah,

Hujambo? Mimi nimeongeza kilo tatu tangu niwekewe mpira, ingawa sauti imekwisha kabisa. Nicodemus hunilisha vizuri, na huongea mno akijua siwezi kumjibu.

Tangu jana amelazwa, ana nimonia. Nawe umetoka Nakuru alfajiri, umepika uji, na sasa umekaa nje ya mlango wangu ukingoja nikuite, kama heshima inavyotaka. Nimekusikia ukienda kuupasha moto mara ya pili.

Sina sauti ya kukuita. Karatasi hii nitaisukuma kwa mguu chini ya mlango. Umeilinda heshima yangu kuliko nilivyoilinda yako, na hilo limeniuma siku nyingi.

Ingia, mwanangu. Nina njaa.

Baba