Prosesa Niliyosema Umeivunja

Mwanangu Sauda,

Nakuandikia juu ya ile prosesa. Najua ukiliona neno hilo utacheka, maana umekwisha kulifanya jambo la kuchekeshea watu. Mwezi uliopita ulipompigia mamako simu, nami nimekaa kando nasikiliza, ulimsimulia jinsi wenzako wa ofisini huko Mombasa walivyokutaka uifungue kompyuta iliyozima, ukawaambia, "Mimi msinipe, mimi huvunja." Mamako alicheka. Mimi niliinuka nikatoka nje kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyeniita.

Niwie radhi nianze mbali kidogo. Napenda kuzikumbuka siku zile kabla sijaziharibu.

Nduguyo Yahya alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi Doha, nyumba ikawa kimya. Nyinyi wawili mlizoea kucheza ule mchezo wa magari kwenye mashine ya kuazima kwa jirani, watoto wa mji usiopita gari mkigombana nani kamziba mwenziwe kwenye kona. Alipoondoka ukasema utajenga kompyuta yako mwenyewe, ili kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, mcheze pamoja, yeye akiwa huko na wewe uko Lamu. "Kujenga" ndilo neno ulilolitumia. Mimi ni fundi wa kuchonga milango, na baba yangu alikuwa fundi, na neno lile lilinipendeza kuliko nilivyokuonyesha.

Hoteli moja kule Ras Kitau ilikuwa ikiuza kompyuta zake za ofisi zilizochakaa. Ulivuka maji kwa mashua, ukarudi na moja umeipakata kama mtoto mchanga. Nikakuuliza, "Si hiyo umekwisha kuipata?"

"Hii ni nyumba tu, Baba. Mwenye kukaa ndani hawezi kazi nitakayompa." Ukafungua ubavu wake ukanionyesha. "Prosesa ndiyo inayofikiri. Hii iliyomo itaandika barua. Magari haitayaweza."

Ukaanza kutafuta nyingine. Ulikuwa ukija karakanani, unakaa juu ya gogo karibu na dirisha, unashona kofia, na simu umeiegemeza kwenye kopo la gundi watu wakizungumza ndani yake juu ya prosesa. Pesa zako zote zilitoka kwenye zile kofia za viua, na kofia moja ilikuchukua wiki nyingi. Hukuwa na nafasi ya kukosea, na ulijua.

Ulinifundisha, nami nikajifanya nasikiliza nusu. Kumbe nilisikia yote. Kampuni zilikuwa mbili, moja ukaiita Wekundu, ya pili Wabuluu. Kulikuwa na zenye core sita, yaani vyumba sita vya kufikiria, na zenye nane. Nikakuambia, "Nane ni nyingi kuliko sita. Chukua nane." Ulicheka mpaka ukajichoma sindano.

"Baba, mchezo wenyewe hautumii zote nane. Nitakuwa nalipia vyumba visivyo na mpangaji."

Ile ya bei ya chini kabisa uliikataa pia. Ulinieleza kwamba haina picha ndani yake, haiwezi kuonyesha kitu kwenye kioo peke yake, ukiinunua hiyo ni lazima ununue na kadi ya picha, na kadi peke yake ilikuwa ghali kuliko kompyuta nzima ya hoteli. Ukaipata nyingine, ya Wekundu, ya toleo la nyuma kidogo, core sita, yenye picha humo humo. "Nitaanza na hii. Kadi nitanunua siku nikijaliwa." Na bado hukuinunua. Ulitaka kujua kwanza kama bodi ya ile kompyuta ya hoteli, ubao wa ndani inapokaa prosesa, itaikubali, maana kila bodi ina matundu yake. Uliandika namba ya bodi kwenye kiganja, ukauliza watu wa Mombasa, ukauliza watu usiowajua mtandaoni, ukarudi kuihakikisha tena. Nilikuona ukifanya vile vile nifanyavyo mimi ninapochagua ubao: kuugeuza, kuugonga, kuurudisha, kuuliza tena.

Siku ya mwisho ukanitazama ukasema, "Baba, wasemaje? Niichukue?"

Mimi sikujua lolote. Lakini uliniuliza kwa adabu, kama vile idhini yangu ni sehemu ya kifaa chenyewe. Nikasema, "Chukua, mwanangu." Siku ile nilikuwa na furaha nzima, haina doa.

Mzigo ulifika wewe haupo. Ulikuwa umekwenda Pate na mamako kwenye harusi. Ulinipigia simu mkiwa Mtangawanda mnangojea boti ya kurudi.

"Baba, kimekuya?"

"Kimekuya."

"Usikifungue hata niye. Tafadhali, Baba."

Nikakujibu, "Nitakifungulia nini?" Kisha nikakata simu, nikakifungua.

Sauda, sina la kujitetea. Nilitaka kukiona tu kile kitu ulichokitafuta miezi yote ile. Nilikitoa kwenye plastiki yake. Mraba mdogo, mdogo kuliko kipande cha halua, juu chuma kitupu, na chini, subhanallah, pini za rangi ya dhahabu, mamia, nyembamba kuliko sindano yako, zimepangwa safu kwa safu bila hata moja kutoka mstarini. Nimechonga miaka arubaini na sijapata kuona kazi iliyolingana vile. Nikaisogeza dirishani niitazame vizuri. Vidole vyangu vilikuwa na vumbi la mbao. Ikaponyoka, ikagonga ukingo wa meza.

Pini za pembe moja zililala.

Hapo bado hapakuwa na aibu. Kitu kimeponyoka mkononi, hutokea. Mimi huwaambia wanafunzi wangu, ukikosea niambie kabla gundi haijakauka, na sijapata kumfukuza mmoja kwa kukosea. Lakini mimi nilijiambia kwamba mkono huu umenyoosha vitu vyembamba kuliko hivi. Nilichukua patasi yangu ndogo kuliko zote nikaanza kuziinua moja moja. Ya kwanza ilisimama. Ya pili ikasimama nusu. Ya tatu ilikatika bila hata sauti, na ya nne nayo. Nikaiweka chini patasi. Nikairudisha prosesa kwenye plastiki, nikairudisha plastiki kwenye boksi, nikabandika utepe upya pale pale ulipokuwa, hata wewe mwenye jicho kali usingejua. Hiyo ndiyo kazi safi pekee niliyoifanya siku ile.

Nilikusudia kukuambia. Naapa nilikusudia. Nilikwenda kuswali alasiri, nikasimama safu ya mbele, na njiani kurudi nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno. Nikafika nyumbani nikakuta nyote mmekaa ukumbini: mamako, mama yako mkubwa Bi Mwanaate, na Yahya yuko kwenye simu kutoka Doha akitaka kushuhudia. Boksi liko mbele yako, umekwisha kusema bismillahi.

Hukuitazama chini yake. Uliamini kwa kuwa boksi lilikuwa limefungwa. Uliishika kwa kingo, vidole viwili viwili, ukaitua juu ya bodi. Haikuingia. Ukaisukuma kidogo sana, mtu anavyomgusa mtoto aliyelala. Haikuingia. Ukaiinua, ukaigeuza.

"Nimeivunja," ukasema. Kisha ukanitazama mimi, si mwingine. "Baba, nimeivunja."

Nafasi ilikuwa pale, pana kama mlango. Ningesema neno moja tu. Lakini Bi Mwanaate alikuwa akinitazama, na Yahya pia, na mimi ndiye yule ambaye watu wa mtaa humwita kuwaamulia ugomvi kwa sababu ati hasemi uongo. Nikafungua kinywa na kilichotoka ni hiki: "Haraka yako, Sauda. Mara ngapi nimekuambia kazi nyembamba haitaki pupa?"

Mamako akasema, "Muwate mtoto." Nami sikukuacha. Niliona nikinyamaza itaonekana, basi nikazidi. Nikasema juu ya mikono mizito. Nikasema juu ya vijana wanaotaka kitu kabla hawajajifunza. Na kila neno nilikuwa nasema juu yangu, huku nimekuelekezea wewe kidole.

Ukalia kidogo, ukafuta uso kwa ncha ya leso. Kisha ukaja nilipokaa, ukasema, "Nisamehe, Baba," ukaubusu mkono wangu. Mkono ule ule. Nikakuacha uubusu.

Uliwaandikia waliokuuzia ukawaambia kosa ni lako, ukiwaomba hisani. Walikataa, na kwa haki. Yahya alisema si neno, mtacheza siku nyingine, na siku hiyo haikuja. Siku hizi akikupigia ni hujambo, sijambo, kazi vipi, na mnaagana. Mwaka uliofuata nilipata kazi ya mlango mkubwa Shela, nikakuambia nitakununulia prosesa nyingine. Nilijiona mkarimu. Nilidhani nikikulipa kitu sitalazimika kukulipa maneno. Ukanijibu kwa upole, "Wata, Baba. Nitaivunja tena." Na nafasi ya chuo ilipokuja, kile chuo cha kompyuta ulichokitaka tangu shule, ulimwambia mamako jikoni, nami nikasikia, "Mikono yangu mizito, Mama. Sifai kwa vitu hivi." Ukaenda kusomea ukarani.

Nilikuacha uende. Nilikubebea sanduku mpaka gatini, nikakuombea dua mbele za watu.

Baada ya simu ile ya mwezi uliopita, niliitafuta prosesa kwenye kabati lako nikaipeleka kwa fundi mmoja wa simu, mtu wa bara aliyefungua duka karibu na soko. Aliiweka chini ya kioo chake akaitazama.

"Mzee, nani alifanya hii kazi?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza.

"Hizi zilizopinda si shida. Mtu anazinyoosha na wembe, polepole, dakika chache tu. Lakini hizi mbili zimekatwa na chuma. Kuna mtu alijaribu kutengeneza na hajui." Akainua uso. "Ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu, na niliyempa ni mtu nisiyejua hata jina la babake. Yeye hakuona ajabu yoyote. Akasema pole, akanirudishia. Mimi nilibaki nimesimama pale nikifikiri juu ya wembe. Ulikuwa ukiijua hiyo habari ya wembe, Sauda. Ilikuwamo kwenye yale mazungumzo ya simu pale karakanani, nakumbuka sasa. Lau ningekungoja, lau ningekuambia zimelala, ungezisimamisha mwenyewe, na Ijumaa ile ungecheza na nduguyo.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mamako. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Alikubusu mkono," akasema.

"Naam."

"Nawe ukampa."

Akaendelea kuchagua mchele. Siku ya tatu nilishika simu nikupigie, akainyakua. "Usimpigie. Ukimpigia atakusamehe kabla hujamaliza kusema. Andika. Andika yote, na uandike pahali watu watasoma, kwani ulimfedhehesha mbele za watu."

Ndiyo sababu barua hii iko wazi. Wengine wataisoma na watanijua, na iwe hivyo. Sitaki unihurumie. Ukitaka kukasirika, kasirika, na uchukue muda wako wote. Nimekuibia kitu ambacho si prosesa, na sijui kinauzwa wapi nikakununulie kingine. Uliichagua vizuri. Ulichagua kwa akili kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akichagua kifaa, na ulivyoishika siku ile hakuna fundi angeishika vizuri zaidi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Niliona.

Ijumaa iliyopita baada ya swala niliwakusanya nyumbani. Mamako alikaa, Bi Mwanaate akaja na mkongojo wake, na Yahya nikampigia, nikaiweka simu juu ya meza. Nikawaambia, "Sauda hakuvunja kitu. Nilivunja mimi, nikajificha nyuma yake." Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe hapa, pamoja na patasi na utepe. Yahya akasema ana kazi, akaaga. Sikumlaumu.

Bi Mwanaate ndiye aliyeuliza. Alinitazama kwa mato yale yale ya siku ile, akasema, "Na mwenyewe yuwajua?"

Nikajibu, "Bado."

Akatikisa kichwa. Nimemwambia fundi nisiyemjua, nimemwambia mamako, nimewaambia nyumba nzima, na wewe uliyeubeba mzigo miaka yote hii nimekuweka wa mwisho. Hata kwenye kukiri nilianza na waliokuwa rahisi.

Mungu akuhifadhi huko uliko. Sasa unajua, mwanangu. Hukuivunja wewe.

Ni mimi,
Babako