Mkono wa Kulia wa Mama

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko chuoni. Natumaini hujambo, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia sasa kinakuacha ulale. Sisi huku nyumbani tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu moyo wangu hauko sawa hata kidogo.

Mama alinikataza nisikuambie haya. Alisema anayesomea uuguzi asome uuguzi, ya nyumbani ayaache nyumbani. Lakini tangu Baba atutoke tumebaki sisi watatu, na sina mwingine wa kumwambia.

Kile kiwanda cha kushona mashuka ya hospitali, anakofanya kazi Mama, kimehamia ng'ambo ya daraja, kwenye barabara ya malori. Alfajiri hakuna gari la abiria linalofika huko, na kwa miguu angefika wenzake wameshaanza kazi zamani. Bosi akawapa mafundi wote baiskeli kuukuu, akasema atakayekuwa hajui kuendesha ifikapo mwisho wa mwezi, cherehani yake itapewa mtu mwingine. Wenzake wote walijua. Mama hakuwa amekalia baiskeli tangu azaliwe. Jioni hiyo aliikokota mpaka nyumbani kwa adabu, kama mtu aliyeazimwa kitu asichojua kinaliwa au kinavaliwa.

Kwa kuwa mimi najua kidogo, nikawa mwalimu. Fundi baiskeli wa pale kona alituteremshia kiti mpaka miguu ya Mama ikakanyaga chini, akazing'oa pedali, akasema kwanza asukume kwa miguu tu, ajue baiskeli inavyoyumba na inavyotulia. Tukawa tunakwenda uwanja wa shule jioni. Wasichana wa darasani kwetu wakaja kucheka, mmoja akauliza kama huyo bata ni wa kwetu. Mama akamwambia taratibu kuwa sketi aliyovaa anaijua, ameishona yeye, na siku ikirudi kupunguzwa atapunguza upande mmoja. Wakacheka tena, ila safari hii walicheka pamoja naye. Siku hizo nilikuwa na matumaini.

Hofu ilinianza pedali ziliporudishwa. Unajua Mama anavyosimamisha cherehani: miguu inatulia, halafu kiganja cha kulia kinakwenda kulishika gurudumu. Amefanya hivyo tangu sisi hatujazaliwa. Basi kila alipoogopa juu ya baiskeli, miguu ilisimama, na mkono wa kulia ukauachia usukani kwenda kulitafuta gurudumu hewani. Macho nayo hayakutazama mbele. Yaliganda kwenye tairi, pale chini, kana kwamba anafuata sindano. Siku moja alikwenda hivyo hivyo mpaka ukutani, goti likachanika vibaya. Aliniambia ni mshono tu umefumuka. Mimi nililia huku nikijifanya nafunga viatu.

Fundi baiskeli alishauri tuufunge ule mkono kwenye usukani kwa mpira. Mama akasema yeye si gunia. Ndipo nikawaza kwamba mkono ule haukuwa mkaidi, ulikuwa unaitafuta kazi yake. Nikaiweka baiskeli kwenye stendi pale uani, Mama akapanda akawa anakanyaga, gurudumu la nyuma likizunguka bila kwenda popote. Nikipiga makofi ghafla, yeye akamate breki ya kulia, ambayo ndiyo ya nyuma. Nikamwambia gurudumu lake la cherehani limehamia pale. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni, mpaka jirani akauliza kupitia ukutani tunamshangilia nani kila siku. Kisha tukarudi uwanjani, nikasimama mbali, nikamwomba anitazame mimi, asitazame tairi. Alinifikia, Dada. Lakini uwanjani hakuna malori.

Leo asubuhi amekwenda. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Alisema nikikimbia pembeni yake nikihema kama ninayezama, woga wangu unampanda yeye. Iliniuma kwa kuwa ni kweli. Alipokata kona niliuona mkono wa kulia ukicheza, nikafumba macho. Nilipofumbua hakuwepo. Nilikimbia mpaka pale, nikakuta barabara tupu.

Sasa giza linaingia na saa yake ya kurudi imepita. Kila lori likipita dirisha linatetemeka. Nimetoka nje kuangalia hadi fundi baiskeli ameniambia nitamaliza soli.

Basi niseme nililokaa hapa kulisema. Barua hii nimeianza ili nikuombe urudi. Uache chuo, utafute kazi yoyote hapa, Mama aachane na baiskeli na kile kiwanda. Najua nikikuomba utakuja. Mama naye anajua, ndiyo maana alinikataza.

Niliweka kalamu hapo, maana lango lilisukumwa.

Amerudi. Ana mafuta ya mnyororo mpaka kwenye shavu. Anasema asubuhi, karibu na daraja, lori lilimpigia honi mgongoni, miguu ikasimama kama kawaida yake, na kabla hajafikiri chochote mkono ulikuwa umeshakamata breki. Akashuka, akakaa ukingoni mwa barabara, akalia kidogo. Akavuka daraja akiikokota, akapanda tena upande wa pili. Bosi alikuwa langoni akiangalia nani anafikaje, akamwona akiingia juu ya baiskeli. Cherehani yake haitapewa mtu. Jioni amechelewa kwa sababu alingoja malori yapungue.

Nilimuuliza kama woga umekwisha. Akasema haujakwisha, na kesho atakwenda nao, kwa kuwa hakuna wa kumwachia.

Mimi pia naogopa, na kesho nitaogopa. Sikuyakata yale maneno ya kukuomba urudi, nataka uone nilivyokaribia. Lakini usirudi, Dada. Maliza masomo yako. Tutakungoja hapa, tukitetemeka ikibidi.

Mama anakusalimu sana, anadhani nakuuliza habari za hesabu. Kunywa maji ya moto kwa hicho kikohozi.

Mdogo wako akupendaye, na bado mwembamba vilevile,

Uzi