Mkono wa Kuinua Kamera

Jumanne

Eti "Nimeunda hii kitu mwenyewe." Hivyo ndivyo Brayo, beshte yangu tangu darasa la kwanza, ameandika kwa video anayosambaza. Na ni ule mkono wangu wa kuinua kamera, niliounda na bomba kuukuu, na mtungi wa maji nyuma wa kuubalansi. Juzi nilimwazima akashoot harusi Kawangware.

Mama Achieng wa kioski ya maji ndiye alinionyesha. "Na si huo ni mtungi nilikupea?"

Hiyo video nilimshoot mimi, siku nikimfundisha kuutumia na kamera tuliyoazima kanisani. Hata hakujisumbua kutoa sauti yangu. Brayo anatabasamu, na mimi nasikika nikimwambia, "Punguza maji kidogo, bro. Usiogope. Ukivunja kamera ya kanisa, nitasema ni mimi."