Karibu Unawe

Viwanja Sitini,
Ifakara.
14 Mei 2024

Mpendwa kaka Kelestini,

Shikamoo. Habari za Uchindile na baridi yake? Shemeji na watoto hawajambo? Huku mvua zimepungua na sote hatujambo, isipokuwa mama. Usishtuke, yuko hai na anagombana na watu kama kawaida. Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa, ndiyo maana nampa Emanuel barua hii, anapanda treni kesho.

Mama alifanyiwa upasuaji wa tumbo Jumanne iliyopita, wakatoa uvimbe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ni ile sukari yake. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba kidonda kikiingia uchafu, kwa mwili wake huo, huenda tusirudi naye nyumbani.

Wodini wamebandika tangazo: mgonjwa amuulize anayemhudumia kama amenawa mikono. Nikamsomea mama. Akaguna. "Nimwambie mtu mzima mikono yake michafu? Sikulelewa hivyo." Nikasema basi nitauliza mimi. Akaniambia nikithubutu kumtia aibu atanifukuza, alale peke yake.

Alhamisi nesi Alfonsi akaja kusafisha vidonda. Ni kijana mpole, siku hiyo alikuwa peke yake na vitanda ishirini. Alimaliza kwa jirani yetu, Mama Nkwabi, ambaye mguu wake unatoa usaha. Akavua glovu, akatugeukia, akanyoosha mkono kwenye plasta ya mama.

Mama akasema, "Karibu unawe, baba."

Unajua alijibu nini? "Asante bibi, nimeshakula."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Si ndivyo tunavyokaribishana mezani? Mama hakucheka. "Sijakupikia kitu. Nawa, ndipo unishike."

Alfonsi akaitazama mikono yake. Akasema samahani bibi, akaenda bombani, akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Mama Nkwabi naye akalalamika kwa sauti, "Kumbe mimi nimehudumiwa bila kukaribishwa!" Tangu hapo kila kitanda ni karibu unawe, na Alfonsi huingia ameinua mikono inayochuruzika maji ili asiambiwe.

Leo wamefungua plasta, kidonda ni kikavu. Huenda Jumatatu tukaruhusiwa. Ukipata nafasi njoo, anakuulizia kila asubuhi.

Kuna jambo sijamwambia mtu, kaka. Ule mkono niliuona ukija kabla mama hajafungua mdomo. Nilikuwa nimesimama pale pale, na nikanyamaza. Wala si kwa kuogopa kufukuzwa, vitisho vya mama tumevizoea tangu utotoni. Niliona haya mbele ya sare nyeupe, basi. Mama hajui kusoma, na mimi ndiye niliyemsomea lile tangazo. Angekuwa amesinzia saa ile, ningemwacha ashikwe. Naona aibu mpaka leo.

Nisalimie shemeji Happyness, Obed na Devota mdogo. Shangazi Kristina wa Mkula anawasalimu, alimletea mama uji juzi. Mungu awatunze huko milimani, na atukutanishe mama akiwa amesimama kwa miguu yake.

Mdogo wako akupendaye,
Luciana