Nyumba ya Pointi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Ndio, nimekasirika, na nisiulizwe mara ya pili! Nyumba imeisha. Bati ya kijani, dirisha ya vioo, mlango ya chuma. Na Mama Phelesia bado analala jikoni ya nje na kuku. Shamba ni yake, hapa hapa Rodi Kopany. Nyumba yake ya udongo ndio walibomoa wapate pahali. Nani alimwambia akubali? Mimi. Broka mkubwa, mdomo kama redio.

Hawa watu ni chama ya mainjinia na wachora ramani. Walisema wataonyesha vile nyumba ya bei nafuu inajengwa, halafu mjane anapewa bure. Sasa katibu wao, Javan, ameweka kufuli. Ati wanachama waje waone kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeenda mpaka Migori kwa ofisi ya Javan. Ameniitia chai. Chai tamu, maneno chungu. Anasema kila mwanachama lazima apate pointi za masomo kila mwaka, akikosa leseni inakwama. Wakitembelea nyumba ya mfano wanapata pointi. Kwa hivyo nyumba ikae safi, mtu asikae ndani.

Nikauliza, na mama? "Chrispine, bro, kuna process."

Process! Mvua imeanza. Process haina paa.

Jumanne, 18 Machi

Wamekuja, basi nzima. Wamevaa helmeti kwa nyumba imeisha — walidhani nini itawaangukia, pointi? Picha, picha, picha. Madam mmoja, Beverly, akauliza kama hiyo jikoni pia iko kwa ramani. Mama akamjibu, "Hapana, madam. Hapo ndio nalala." Beverly akaenda kuchungulia ndani. Wenzake wakakunywa soda, wakasaini, wakaenda.

Jumatano, 19 Machi

Leo ndio mbaya kabisa. Kerosi, askari wa usiku, Mkisii, mtu poa sana — Javan alimwachia ufunguo. Mvua ikampiga, akaingia ndani akalala. Asubuhi anatoka kwa mlango akipiga miayo, anasalimia Mama! Mama akaangusha sufuria.

Kwetu Wajaluo, nyumba ya mjane ikiisha, yeye ndio analala ndani kwanza. Mwanaume mgeni akimtangulia, ni kama nyumba imepata mwenyewe. Mama amekataa hata kukanyaga veranda. "Nyathina, mtoto wangu, heri kuku."

Kerosi karibu alie. "Sasa mimi ningejua aje? Kwetu mvua ikinyesha mtu anaingia ndani!" Huyo siwezi kumkasirikia.

Nikapigia Javan. Akacheka! Ati hizo ni imani za zamani, chama inafuata standards. Na yeye ni Mjaluo wa hapa hapa! Chama nzima, digrii mpaka kwa soksi, na hakuna hata mmoja aliuliza mama ataingia nyumba yake aje.

Alhamisi, 20 Machi

Wazee wa boma wamekaa. Wamesema njia iko. Huo mlango uzibwe, utobolewe mwingine upande ya pili, Mama alale ndani siku hiyo hiyo, ihesabike nyumba mpya. Kazi ya fundi moja, asubuhi tu! Javan anasema nikigusa ukuta kabla wageni wa Nairobi waone, ananiitia polisi. Wanakuja kesho.

Polisi. Juu ya mlango ya mtu kwa shamba yake.

Ijumaa, 21 Machi

Jikoni imeanguka upande moja. Mama yuko kwangu, hapa jirani, anakohoa, anasema hakohoi. Sina utani leo. Nimenunua kufuli, kubwa kama kichwa ya mbuzi, nimefunga huo mlango juu ya kufuli yao.

Basi ya Nairobi imefika. Wamesimama nje, viatu kwa matope. Javan anapiga simu, sichukui. Beverly amerudi nao, ndio anagonga dirisha yangu. Nikifungua mdomo nitatukana mtu. Heri nimwandikie hapa, nichane karatasi nimpitishie kwa dirisha.

Madam Beverly. Tufanye biashara. Ufunguo niko nao. Nyinyi mlale jikoni ya Mama leo, ile upande imebaki. Kesho asubuhi, kama bado mnataka huo mlango ukae pale uko, nawafungulia mpige picha zenu mpaka simu izime. Kama hamtaki, mkuje na fundi. Javan alale karibu na kuku.