Bahasha Imerudi kwa Mtumbwi

Kisangani, Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Bati la nyumba linapiga kelele mpaka sisikii mawazo yangu mwenyewe, na leo ni heri iwe hivyo.

Bahasha imerudi.

Nasema ile bahasha ya kahawia iliyonihangaisha msimu mzima wa kiangazi, yenye maombi yangu ya bourse, ufadhili wa kwenda Ubelgiji kufanya utafiti wa udaktari. Ilitakiwa kuwa njiani kwenda Kinshasa, kwa watu wanaochagua. Badala yake iko hapa kitandani kwangu, imezungushiwa majani ya kufungia chikwangue, ule mkate wa muhogo, inanuka samaki wa moshi. Maombi yanapokelewa mpaka mwisho wa juma lijalo, na mwaka kesho nitakuwa nimevuka umri wanaoutaka. Kwa hiyo mimi sina mwaka kesho.

Nimefanya kazi ya usaidizi pale kitivo cha sayansi miaka mingi kiasi kwamba wanafunzi niliowafundisha kupasua samaki sasa ni wasaidizi wenzangu. Utafiti ninaoutaka ni wa samaki vilevile: jinsi wanavyojua kwamba maji yanakaribia kupanda, wakaanza kusogea kuelekea msituni kutaga kabla mto haujafurika. Hapa hatuna hata darubini moja ambayo lenzi yake haijaota ukungu.

Kukusanya zile karatasi tu ni hadithi nyingine. Muhuri wa mkuu wa kitivo, muhuri wa daktari, muhuri wa chama. Huu wa chama niliupata kwa kucheza. Kiongozi wa seli alisema hajawahi kuniona kwenye animation, zile ngoma za kukisifu chama, basi nikavaa pagne, kitenge cha chama, kama wenzangu, nikakata kiuno juani mbele ya wanafunzi wangu wote, mimi ambaye hata harusini hukaa karibu na masufuria. Bado wananicheka. Nilijiambia si kitu, nitawasahau nikiwa Ulaya.

Posta hakuna anayeiamini. Ndege haijatua tangu mafuta yakauke. Nikafanya kama kila mtu anavyofanya hapa, nikatafuta mtu anayeshuka mto. Nikampata Papa Saidi, jirani yetu hapa Tshopo, mtu wa Maniema, anayeuza mchele Kinshasa na kusafiri kwa meli. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akaitia ndani ya mkeka wake wa kuswalia. Usiku ule nililala usingizi mzuri.

Leo asubuhi nasikia hodi, kumbe ni mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Ametoka Yanonge, kijijini kwetu, kwa mtumbwi, amelowa chapachapa, kikapu kichwani. Na kwapani, bahasha yangu.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nikakaa palepale kizingitini.

“Angalia, mutoto yangu, hata maji haikuingia!” Alikuwa anacheka kwa furaha. “Bateau imekwama ku muchanga, ule papa iko na homa, anatetemeka tu. Alors nikasema, kitu ya mutoto yetu haiwezi kulala pale.”

Meli ilikwama karibu na kijiji. Yeye na wenzake wakaiendea kwa mitumbwi kuuza samaki na chikwangue, kama wanavyoiendea kila ikipita. Papa Saidi aliposikia ni watu wa Yanonge alimtaja mtoto wao anayefundisha chuo kikuu. Basi. Kwetu sisi watu wa mtoni mzigo wa kutumwa hauhamii kwa mtu wa tatu. Msafiri akishindwa njiani, ndugu wa kwanza atakayeukuta anaurudisha kwenye mkono ulioutoa, na asiyefanya hivyo atasemwa mpaka wajukuu wake. Papa Saidi alikataa kidogo, lakini homa ilikuwa imemzidi. Mama mkubwa akaichukua, akaifunga majani, akapiga kasia siku kadhaa kupanda mto, mkondo wote ukimpinga, mwanamke wa umri ule.

Ningesema nini? Nilisema, “Aksanti, mama mukubwa.” Nikamtafutia nguo kavu.

Mchana nilikimbia bandarini kwenye mvua, nikiwa na wazo la kijinga kwamba labda meli bado imekwama na mtumbwi wenye mota ungeikuta. Karani wa pale alizungumza kwanza na mashine yake ya fonii, redio ya kuitana na meli, halafu akanitazama kwa huruma.

“Bateau? Ilitoka ku muchanga kesho yake, mama. Maji ilipanda. Sasa iko mbali, ilishapita Isangi siku mingi. Ingine itashuka mwezi kesho.”

Maji ilipanda.

Hilo ndilo linaloniua. Mvua ilikwisha kuanza huku juu. Samaki niliokuwa nawapima walikuwa wamejaa mayai, wanasogea kingoni. Mimi ndiye mtu wa mji huu ambaye kazi yake ni kujua mto utapanda lini, na nilijua, na nilikuwa nimekaa maabara nikiandika jambo hilo vizuri kwa kalamu wakati mama mkubwa anaiteremsha bahasha kutoka melini.

Kutoka bandarini nikapita kwa profesa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Bon, citoyenne. Tutaona mwaka kesho.” Anaujua umri wangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesaini karatasi iliyouandika. Niliaga haraka, kwa sababu ningelia, na sikutaka kulia mbele ya wale vijana wa animation waliokuwa wanangoja mlangoni.

Nina hasira na nani? Nimejaribu kumkasirikia mama mkubwa na nimeshindwa. Mikono yake imechubuka. Nimejaribu homa, nimejaribu mchanga, nimejaribu meli na nchi nzima isiyo na posta, na kila mara hasira inarudi kwangu kwa sababu haina pengine pa kukaa.

Jioni nilimpikia. Nikafungua kikapu chake nitoe samaki, nikakuta wakubwa, wamekaushwa vizuri, wamepangwa kichwa kwa mkia. Akanipiga kofi mkononi.

“Usiguse! Ile ni ya safari. Kule Bulaya utakula nini?”

Kisha akauliza ninaondoka lini. Nikasema bado wanaangalia karatasi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema ni vizuri basi kwamba karatasi ziko salama.

Amewafunga samaki kwa kamba, amewatundika juu ya jiko ili moshi uwatunze mpaka siku yangu. Sasa amelala, anakoroma kidogo. Kesho anarudi Yanonge kuwaambia watu kwamba kitu cha mtoto wao hakikupotea.

Siku nitakayowala samaki wale ndiyo siku nitakayokuwa nimekubali kwamba siendi. Leo nimekula sombe, majani ya muhogo matupu.