Kifungo cha Shati la Kwaya

Kizwite, Sumbawanga

Wifi yangu Monika,

Nakusalimu kwa upendo. Huku baridi imeshika, mahindi tumeshavuna, na Sharon amerudi shule.

Ile maikrowevu aliyoitengeneza marehemu kaka yako Yusto iligoma kupasha. Nikaipeleka Malangali kwa fundi Shedrack. Alibadilisha fyuzi, kisha akainua sahani ya kioo atazame vigurudumu vinavyoizungusha. Akacheka.

"Mama, aliyeitengeneza mwanzo alikuwa mtundu! Gurudumu moja lilivunjika, kaweka kifungo cha shati."

Nikainama kukitazama: kilikuwa cheupe.

Wifi, siku ya msiba uliona shati lake jeupe la kwaya lina kifungo kimoja cha kahawia. Ukasema mbele ya watu, "Umemvika kaka yangu kama mtu asiye na mke." Kile cheupe nilikuwa nimekitafuta nyumba nzima. Hata Yusto alipokuwa hai nilimuuliza kilipo, akasema, "Kipo kazini, mama Sharon." Nikadhani ni mizaha yake ya kila siku.

Shedrack alitaka kuweka gurudumu jipya. Nimemwomba akiache kifungo hapo hapo. Sahani inazunguka, ila inagonga kidogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Ukija nitakupashia uji wa ulezi, tuisikilize sote wawili.

Mimi wifi yako ninayekukumbuka,
Cornelia